H Iliyongoja Mwenzake

Sanduku la bati lililo chini ya kabati la darasa la tatu ni langu. Nasikia, walimu wenzangu, mnataka kusafisha chumba kile kabla ya muhula kuanza. Safisheni, lakini msilitupe sanduku kabla ya kumaliza kusoma karatasi hizi. Ndani mtakuta vipande vya katoni, kila kimoja kina matundu mawili, kamba ya kuvaa shingoni, na herufi moja kubwa niliyoiandika kwa rangi nyeusi ya viatu. Mtakuta pia kipande cha kioo kisicho na fremu na kanda chache za karatasi nyembamba. Hizo ndizo zana nilizofanyia kazi maisha yangu yote hapa Giheke, ukiongeza chaki na subira. Mara nyingi subira ndiyo iliyotangulia kwisha.

Nimestaafu miezi minne sasa. Asubuhi naamka saa zile zile, naketi mlangoni na chai yangu, na ukungu wa ziwa unapanda polepole mpaka unafunika migomba. Katika weupe ule ninawasikia watoto wakisoma. Hawasomi neno lolote ninaloweza kulishika. Ni mvumo tu, kama maji ya Rusizi yanavyosikika kwa mbali kabla hujauona mto. Kisha jua linatoka, ukungu unakatika, na ninakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri. Mke wangu anasema ninasinzia. Labda.

Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya Kongo, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda waliokimbilia huko kabla yangu. Nilisoma sekondari kwa Kifaransa, nikaishia hapo. Baada ya mauaji ya kimbari tulivuka daraja kuja upande huu wa Rwanda, familia nzima na mizigo kichwani, kwenye nchi ambayo mimi niliijua kwa hadithi za baba tu. Shule ilikuwa na paa nusu na walimu wachache, kwa sababu wengine waliuawa na wengine walikimbia. Mwenye cheti cha sekondari aliyejua kushika chaki alipokelewa bila maswali mengi.

Siku walipotangaza kwamba Kiingereza nacho kitafundishwa, mwalimu mkuu, tuliyemwita Direkteri, alituita ofisini akauliza nani anakijua. Walimu wakatazama viatu vyao. Wakati ule nilikuwa na kifua. Nikakohoa. Direkteri akaandika jina langu. Ningeweza kusema kwamba nilikuwa nakohoa tu, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kunitazama kwa heshima, na ile heshima ilikuwa tamu. Liwekeni hilo akilini, kwa sababu kosa langu kubwa lilikuja kwa njia hiyo hiyo.

Siku ya kwanza niliingia darasani na maneno ishirini niliyoyaokota kwenye redio. Watoto walizijua herufi kutoka Kinyarwanda, ambako kila moja inafanya kazi yake kwa uaminifu. Nikaandika ubaoni neno la Kiingereza la nambari tatu, lile linaloanza kwa T na H na kuishia kwa E mbili, nikalisoma kama mtu wa Bukavu aliyesoma kwa mapadri anavyolisoma. Watoto wakaitikia kwa nguvu. Mwaka mzima waliitikia hivyo. Kama mmewahi kukutana na mtu mzima wa Giheke anayesema nambari hiyo kana kwamba ana nyuki mdomoni, mnisamehe, huyo ni wangu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Peninah. Alikulia Uganda, akarudi kama sisi tulivyorudi, akapewa kazi katika shule ya kilima cha pili. Kila Alhamisi mchana alishuka kwa miguu na mkoba wake wa kitambaa, akaketi nyuma ya darasa langu. Alhamisi ya kwanza aliningoja mpaka watoto walipotoka kucheza. Akatoa kioo.

"Mwalimu, toa ulimi."

"Hapa?"

"Hapa. Weka ncha katikati ya meno. Usiume. Sasa pumua."

Nikapumua. Ikatoka sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu nizaliwe.

"Ndiyo hiyo," alisema. "T haina habari nayo. H haina habari nayo. Zikisimama pamoja tu, ndipo inatoka. Mtoto akilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha."

Halafu akanifundisha ukanda wa karatasi. Unaushika mbele ya midomo: kwa sauti ya C na H karatasi inaruka, kwa sauti ya S na H inatetemeka tu. Mtoto anaona kwa macho kile ambacho sikio lake bado halijakishika. Niliwaona watoto wa vita, watoto waliokuwa hawachezi, wakiipulizia karatasi ile iruke, na darasa zima likiwa limenyamaza kuitazama. Mpaka leo nikifumba macho naziona zile kanda nyeupe zikipepea, arobaini kwa pamoja, kama vipepeo waliofungwa.

Zana hizi zilikuwa na gharama yake. Wiki ya pili alikuja mzazi mmoja, Papa Samweli, fundi wa baiskeli, amekasirika mpaka kofia imekaa upande, anasema Kiswahili chetu cha Bukavu, ambamo 'ndiyo' ni 'njo'.

"Mwalimu, mutoto yangu ananitoleaka ulimi. Mimi baba yake! Namuuliza, njo heshima gani hii? Ananiambia ni Kingereza."

"Ni kweli, Papa. Ni Kiingereza."

"Basi Kingereza hiyo afanyie hapa. Kwangu asiniletee."

Nilimpa kioo ajaribu mwenyewe. Alikataa, akajaribu, akatema mate kidogo kwenye kioo, akakipangusa kwa shati lake, akaondoka bila kuaga. Jumatatu iliyofuata nilipita karibu na karakana yake, nikamsikia chini ya baiskeli anajifanyia mazoezi.

Wazo la kuwavika watoto herufi lilikuwa langu. Wakati ule biskuti za msaada zilikuja katika makatoni makubwa, nami niliomba makatoni matupu, nikayakata. Yalinukia biskuti kwa muda mrefu. Mmoja alilamba B yake mpaka ikalainika pembeni. Kila mtoto alivaa herufi moja. Nikiita sauti, wenye herufi mbili za sauti ile walitoka pande zao za darasa, wakakutana mbele ya ubao, wakasimama bega kwa bega, na hapo tu ndipo wao wawili waliitoa sauti, kisha wakasoma mstari wake kitabuni. Aliyevaa Q alimfuata aliyevaa U kila mahali, hata chooni. Aliyevaa X hakuwa na mwenzake wala kazi, nikamfanya mpiga kengele.

Nikaweka sheria. Niliitunga mimi, hakuna kitabu kilichoniambia: herufi yako ina mwenzake, kama hajafika, unanyamaza na kumngoja. Niliwafundisha kwa kuimba, asubuhi na mchana. Nilitaka waache kuzisoma herufi moja moja kama walivyozoea, na kweli waliacha. Darasa lilikuwa tulivu kama kanisa kabla ya misa.

Mwalimu Peninah alitazama Alhamisi tatu. Ya nne akaniambia, "Ni nzuri. Lakini kila Jumatatu badilisha jozi. Leo huyu na huyu, kesho huyu na yule. Na siku nyingine asome peke yake."

"Wamezoeana," nikamwambia. "Wengine hawana mtu mwingine."

"Ndiyo sababu," alisema.

Sikubadilisha. Nilijiambia kwamba ninawahurumia, kwamba mtoto aliyepoteza ndugu apewe angalau mwenzake wa kudumu, hata kama ni wa katoni. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pia jozi zilizozoeana zilisoma vizuri mno, kwa pamoja, bila kukwaruza, na wageni waliopita barabarani walisimama dirishani kusikiliza. Mimi nilipenda kusikilizwa.

Jozi iliyosoma vizuri kuliko zote ilikuwa Nabintu na Zawadi. Nabintu alivaa S. Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu aliyepanga chumba hapa Giheke, anavuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kila wiki na beseni la sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani. Nabintu alikuwa msemaji, mcheshi, sauti yake ilitangulia kuingia darasani kabla yake. Zawadi alivaa H. Aliishi na bibi yake, ambaye kilima kizima kilimwita Mukecuru, kama Kinyarwanda kinavyomwita mwanamke mzee kwa heshima. Walirudi kutoka Kongo wao wawili tu. Vita vilikuwa vimemchelewesha Zawadi. Katika darasa la tatu msichana huyu alikuwa mrefu kuliko wote, magoti yake yakigusa meza. Alisema polepole na kwa sauti ndogo. Nikiita sauti yao, Nabintu alikuwa mbele ya ubao kabla sijafunga mdomo, na Zawadi alikuja nyuma yake kwa hatua za mtu anayebeba maji. Kisha walisoma, na mimi nilimsikia Nabintu. Nilimsifu Nabintu. Kwa Zawadi niliinamisha kichwa kwa upole, kama mtu anavyomshukuru aliyeshika mlango.

Ijumaa moja Nabintu alivuka na mama yake kwenda Bukavu kumwona shangazi. Alisahau kuvua S yake. Aliondoka nayo chini ya sweta. Jumapili tukasikia milio ng'ambo. Wanaokumbuka miaka ile wanajua jinsi tulivyokuwa tunahesabu milipuko huku tukijifanya tunapepeta maharagwe. Jumatatu mpaka ulifungwa. Wapagazi walikaa kwenye ukingo wa barabara wakiwa na mizigo yao, wakitazama daraja tupu.

Jumatatu hiyo nilipoita sauti ya S na H, Zawadi alitoka mahali pake, akaja mbele ya ubao, akasimama, akanyamaza. Akangoja. Nikamwambia arudi akae. Jumanne alifanya vile vile. Wiki ya pili ikaingia. Alikuja kila siku, alisimama kushoto kidogo, akiacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia, macho dirishani upande wa mto. Darasa lilizoea. Hata mimi nilizoea, na nakiri kwamba niliona kuna uzuri fulani ndani yake, jinsi mwanga wa asubuhi ulivyoangukia ile nafasi tupu. Mwalimu hatakiwi kuona uzuri mahali kama pale. Ilikuwa kazi inayonidai niifanye.

Siku ya kumi na moja mkaguzi alikuja. Habari za herufi za katoni zilikuwa zimemfikia. Aliketi kwenye kiti changu na kitabu cha ukaguzi magotini, na jozi zangu zikatoka moja baada ya moja, zikasoma, naye akawa anaandika na kutabasamu. Nilijua sauti ya S na H iko njiani. Ningeweza kuiruka. Lakini yeye alikuwa na orodha mkononi, na akaiita mwenyewe.

Zawadi akaja, akasimama, akaacha nafasi.

"Na huyu?" mkaguzi aliuliza.

"Anangoja mwenzake, Bwana Inspekteri," nikasema, na nikacheka kidogo ili lionekane jambo dogo. Nilipocheka, darasa lote likacheka.

Nilikuwa nimekata S nyingine ya akiba. Nikamvika Dativa, mtoto aliyekaa karibu, nikamsukuma kwenye nafasi ile. Zawadi alimtazama, akanitazama mimi.

"Soma," nikamwambia.

"Mwalimu, huyu haiko S yangu," alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Soma, Zawadi."

"Mwalimu, njo weye ulisema tungoje."

Darasa likacheka tena, sasa kwa nguvu, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kunijibu. Masikio yangu yalipata moto. Mkaguzi aliinua kalamu. "Kwa ufupi, mwalimu. Huyu anajua kusoma au hajui?"

Kulikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa refu: kwamba mtoto anatii sheria yangu, kwamba sheria ni mbovu, kwamba nilionywa na mwenzangu nikapuuza. La pili lilikuwa neno moja.

"Hajui," nikasema.

Akaandika. Akanipa nitie sahihi. Nikatia. Zawadi alivua H yake, akaiweka mezani kwangu herufi ikiangalia chini, akarudi kukaa.

Mtoto aliyeandikwa hivyo alirudishwa darasa la kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Siku mbili baadaye Mukecuru alikuja shuleni, fimbo mkononi, akakataa kiti.

"Mwalimu, nakuuliza kitu kimoja tu. Mutoto anajua ao hajue?"

"Imeandikwa hivyo, Mukecuru."

"Sikuuliza karatasi. Nauliza weye."

Nilijifanya natafuta kitu kwenye daftari la mahudhurio. Alingoja mpaka nilipolifunga, kisha akasema, "Mu darasa ya kwanza miguu yake haitaingia chini ya meza. Batoto batamuchekelea. Nitamutuma kwa mujomba wake Gitambi, alime." Hakugomba. Ningependa angegomba.

Baada ya wiki tatu mpaka ulifunguliwa. Nabintu alirudi amekonda, S ikiwa bado chini ya sweta, imepinda kwa jasho. Kwenye nyumba ya shangazi yake walilala chini ya meza siku tisa. Aliingia darasani akaenda moja kwa moja kwenye benchi lao.

"Mwalimu, Zawadi eko wapi?"

Nikamwambia amekwenda Gitambi. Nikaita sauti yao, ili kumpa moyo, nikamfanya Dativa avae H. Nabintu akasimama mbele ya ubao, akafungua kitabu, akakitazama muda mrefu. Yule mtoto mwenye sauti iliyoingia darasani kabla yake hakutoa hata neno moja.

"Soma, Nabintu. Ule ukurasa wa samaki. Ulikuwa unausoma kila siku."

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Zawadi njo alikuwa anasoma. Alikuwa ananisemea mu sikio, mi nasema kwa nguvu. Mi nilikuwa nafwata yeye tu." Akaanza kulia. "Nilizania unajua."

Nimekaa na maneno hayo ya mwisho miaka mingi. Ningejua vipi? Kwa kusogea hatua mbili. Sikio langu lilikuwa mbali kwa hatua mbili tu, lakini nilisimama pale ambapo sauti ya jumla inasikika vizuri.

Jumamosi nilikwenda Gitambi kwa baiskeli ya kuazima, H ya Zawadi na kile kitabu vikiwa mfukoni. Ni mwendo mrefu, mteremko juu ya mteremko, na siku ile milima ilikuwa imejaa moshi wa majani yanayochomwa, kila kitu kikionekana kama kilichorwa kisha kikafutwa kwa mkono. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mjomba wake, anamenya mihogo, kisu mkononi, maji mpaka kwenye viwiko. Nikamsalimu. Akasimama, akapangusa mkono mmoja, akanipa.

Nikamwambia arudi shuleni.

"Darasa ya ngapi?" aliuliza.

"La kwanza. Kwa muda kidogo tu. Nitaona jinsi ya kufanya."

Nilimwonyesha H, akaitazama bila kuichukua. Lakini kitabu alikichukua. Alikifungua kwenye ukurasa wa samaki na duka na meli, akausoma wote, kwa sauti yake ndogo, bila kusita mahali popote: kila jozi ya herufi mahali pake, hata zile ambazo nilikuwa sijazifundisha bado. Alisoma peke yake. Hakumngoja mtu. Kisha akakifunga kwa kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vilikuwa na maji, akanirudishia, akaketi tena kumenya.

Mjomba wake alikuwa amesimama mlangoni. "Mwalimu," aliniambia, "miye sikusoma sana. Lakini kama karatasi ilimutoa, karatasi inaweza kumurudisha. Leta ingine, ile inasema anajua. Siku ile ile atakuya ku darasa yake, ya tatu."

Nilimwahidi.

Niliiandika barua ile. Niliiandika mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa barua nzuri, inayosema kwamba nilimdanganya mkaguzi na kwa nini. Niliikunja nikaiweka ndani ya daftari la mahudhurio. Kila asubuhi nilifungua daftari, nikaiona, nikaita majina, nikalifunga. Wakati ule mkaguzi alikuwa amependekeza nikaonyeshe mbinu ya herufi za katoni kwa walimu wa sehemu nyingine. Nilikwenda. Sitawachosha na habari hizo. Nilipigiwa makofi na watu ambao majina yao nimeyasahau. Niliporudi, barua ilikuwa bado mahali pake. Nikajiambia ngoja muhula uishe.

Muhula ukaisha. Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa shule hatimaye niliipeleka kwa Direkteri. Aliisoma akiwa amesimama, akaweka muhuri, akaandika mstari mmoja wa kumrudisha Zawadi darasani.

"Ni hiyo tu?" aliniuliza.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nikaendesha baiskeli mpaka Gitambi, karatasi yenye muhuri ikiwa kifuani. Mjomba alikuwa anaezeka paa la jiko. Alishuka, akaisoma polepole, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Alikwenda Uvira na shangazi yake," alisema. "Juzi juzi tu, mavuno yalipokwisha. Tulingoja, Mwalimu. Kila siku ya soko alikuwa anauliza kama umepita."

Mengine ya kazi yangu mnayajua, au mnaweza kuyakisia. Nilibadilisha jozi kila Jumatatu, kama Mwalimu Peninah alivyosema, na kila Ijumaa kila mtoto alisoma peke yake, nami nimeinama karibu mpaka naisikia pumzi yake. Ile sheria ya kungojana niliifuta. Na mtoto akikosa mwenzake, mwalimu anavaa ile herufi. Hilo ndilo ninalowaomba mlishike zaidi ya yote. S ya akiba ilikuwa mkononi mwangu siku ile ya mkaguzi. Ningeweza kuivaa mimi, nikasogea hatua mbili, nikasimama katika ile nafasi aliyoiacha. Wazo hilo halikunijia. Lilinijia miaka miwili baadaye, nikiwa ninanyoa ndevu, nikajikata.

Mwaka jana, kabla ya kustaafu, nilikwenda Rusizi ya Kwanza kumpokea mgeni. Katika foleni ya wanawake wenye mabeseni mmoja alipiga kelele, "Mwalimu wa makatoni!" Sauti ilifika kabla yake. Nabintu, mama wa watu sasa, anafanya biashara ile ile ya mama yake, anafika mpaka Uvira. Tulicheka, tukaulizana watoto. Kisha nikamuuliza lile nililoogopa kuliuliza.

"Zawadi? Eko, Mwalimu. Eko na batoto bane. Anasomeaka bantu mu kanisa kila Jumapili, na bamaman banamuleteaka karatasi za dawa abasomee. Tunaonanaka."

Nikamwomba anisubiri. Kwenye kibanda cha mwenye kuuza soda niliomba karatasi na kalamu, nikaandika kwamba siku ile nilimdanganya mkaguzi, kwamba alijua kusoma, kwamba nilichelewa kuisema kweli na kuchelewa kwangu kulimgharimu shule. Nikatia sahihi. Nabintu aliiweka ndani ya kitenge chake, akavuka daraja.

Jibu lilikuja wiki tatu baadaye, kwa mdomo wa Nabintu, hapo hapo mpakani.

"Aliisoma mara mbili," alisema. "Njo akaniambia: 'Mwambie Mwalimu, mimi nilijuaka. Na yeye alijuaka. Juu ya nini ananiandikia mimi? Aandikie bale balicheka.'"

Kwa hiyo naandika. Wawili kati yenu, mnaofundisha leo katika shule hii, mlikuwa kwenye mabenchi yale. Mmoja alivaa T na mmoja alivaa A. Mlicheka kwa sababu mimi nilicheka kwanza, na mlikuwa wadogo. Siwalaumu. Lakini mmebeba picha ya msichana mrefu aliyesimama mbele ya ubao bila kujua kitu, na picha hiyo ni ya uongo, na niliichora mimi.

H yake iko juu kabisa ndani ya sanduku. Ile S ya kwanza haimo. Nabintu hakuirudisha, na sikumdai. Kitabu cha zamani cha ukaguzi kiko katika kabati la ofisi, rafu ya chini. Tafuteni ukurasa wenye sahihi yangu na jina la Zawadi. Neno nililolitamka bado limeandikwa pale, kwa wino mzuri. Mwombeni mwalimu mkuu ruhusa, mlikate kwa mstari mmoja, na juu yake muandike: alijua kusoma. Isomeni kwa sauti, wote mkiwepo.

Halafu safisheni chumba.